Kula Sukari au Kuwa Sukari: Wahindu na Mungu Wao

Swali la msomaji: "Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Mwenye duka ninakonunua madaftari ametundika picha sita ukutani na kila asubuhi huzifukizia udi zote, lakini anasisitiza kwamba Mungu ni mmoja. Mhandisi mmoja tunayefahamiana, naye Mhindu, anasema Mungu hana umbo na kuabudu sanamu ni kosa. Halafu kijana wa Hare Krishna alinipa kitabu Nairobi kinachosema Krishna ndiye Mungu mkuu na hao wengine ni watumishi wake. Wanafunzi wananiuliza: Wahindu wana Mungu mmoja au miungu mingi? Na kati ya hawa watatu, nani anaieleza dini yake sawasawa?"

Jibu:

Mwalimu, wote watatu wanaieleza sawasawa, kila mmoja kwa upande wake. Uhindu hauna baraza kuu la kuamua imani ipi ni sahihi, wala hauna shahada moja ambayo kila muumini lazima aitamke. Una sampradaya, yaani minyororo ya walimu na wanafunzi, mfano wa silsila za tarika. Kila mnyororo una mwasisi wake, maandiko unayoyapa uzito, mantra yake (maneno matakatifu ya kurudiwarudiwa) na namna yake ya kumtaja Mungu. Mhandisi wako ana dalili zote za Arya Samaj, harakati ya Kihindu inayokataa sanamu. Kijana wa Nairobi ni wa mnyororo wa Chaitanya, mtakatifu wa Bengal. Mwenye duka tutamrudia, kwani ukuta wake una mengi ya kusema.

Kabla ya hapo, watenganishie wanafunzi maneno mawili. Mhindi ni mtu wa asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini. Khoja na Bohora ni Wahindi Waislamu, Wagoa wengi ni Wakatoliki, Masingasinga wanamfuata Guru Nanak, na lile hekalu la marumaru la Mombasa ambalo wageni hulipiga picha wakidhani ni la Wahindu ni la Wajaini, ambao hawamwamini Mungu muumba kabisa. Nusu ya mkanganyiko darasani huishia hapa.

Sasa hesabu. Swali la "mmoja au wengi" si geni kwao. Katika Brihadaranyaka Upanishad, andiko lililotangulia enzi ya Kristo kwa karne kadhaa, mjuzi Yajnavalkya anaulizwa miungu wako wangapi. Anajibu 3,306. Anaulizwa tena, anasema 33. Tena, 6, kisha 3, kisha 2, kisha mmoja na nusu, na mwisho mmoja. Neno linalotumika pale ni deva, na tafsiri yetu huvurugikia hapo. Kiswahili kinalazimika kuandika "miungu", ilhali deva katika fikra ya Kihindu ni viumbe wenye cheo na kazi, na muda wao hufika mwisho. Aliye juu ya hao wote, mwenye bhakti, yaani ibada ya mapenzi kwa Mungu, humwita Bhagavan au Ishvara, au kwa jina lake hasa: Vishnu, Krishna, Rama, Shiva, Devi. Ukiwaandika deva na Bhagavan kwa neno lile lile, hesabu imeharibika kabla hujaianza.

Kosa jingine limo katika vitabu vingi vya shule: pembetatu ya Brahma anayeumba, Vishnu anayetunza na Shiva anayeangamiza, kana kwamba ni wakurugenzi watatu wa kampuni moja. Hakuna kundi kubwa la bhakti linaloabudu kwa mpangilio huo. Kwa mfuasi wa Vishnu, kazi zote tatu ni za Vishnu, na Brahma ni kiumbe aliyezaliwa juu ya yungiyungi lililochipua kitovuni mwake. Kwa Shaiva Siddhanta ya Watamil, Shiva ana kazi 5: kuumba, kutunza, kuukunja ulimwengu, kujificha na kuneemesha. Kwa mfuasi wa Devi, Mungu Mama, hao watatu hawawezi hata kujitikisa bila nguvu yake. Na Brahma aliyepewa kona nzima ya mchoro ana mahekalu machache mno India, maarufu likiwa la Pushkar huko Rajasthan. Ifute pembetatu hiyo ubaoni.

Kiini cha swali lako kimo katika neno bhakti lenyewe. Mzizi wake wa Kisanskriti, bhaj, maana yake ni kugawana, kushiriki. Kushiriki kunataka wawili. Karne ya 8 Shankara alifundisha advaita, "kutokuwa wawili": kilichopo kwa hakika ni Brahman peke yake (uhalisi mkuu, si yule Brahma wa pembetatu), asiye na sifa, roho yako na Brahman si vitu viwili, na Mungu mwenye jina, sura na sifa ni ngazi ambayo aliyefika juu haihitaji tena. Aliyesoma tauhidi atayatambua maneno dhati na sifa. Nirguna ni dhati isiyo na sifa. Saguna ni Mwenye sifa.

Wenye bhakti waliona tatizo papo hapo. Ikiwa mwisho wa safari mpenzi na mpendwa ni kitu kimoja, mapenzi yanakwenda wapi? Ramprasad Sen, mshairi wa Kali wa Bengal katika karne ya 18, alilisema kwa picha ya jikoni: hataki kuwa sukari, anapenda kuila. Ishike picha hiyo, Mwalimu. Karibu kila tawi la bhakti linajibu swali moja: kati ya ulimi na sukari, nafasi iachwe kiasi gani?

Jibu lenye mizizi mirefu zaidi lilitoka kusini. Kati ya karne ya 6 na ya 9, nchi ya Watamil ilijaa waimbaji waliotembea hekalu hadi hekalu: Nayanar 63 wa Shiva na Alvar 12 wa Vishnu, mmoja wao mwanamke, Andal. Nyimbo za Alvar, zinazohesabiwa 4,000, hadi leo huimbwa hekaluni pamoja na Veda, maandiko ya kale zaidi ya Kihindu. Ramanuja, ambaye wafuasi wake husema aliishi kuanzia 1017 hadi 1137 na ambaye makao yake makuu yalikuwa Srirangam, alizipa nyimbo hizo uti wa mgongo wa hoja. Alisema roho zote na ulimwengu wote ni mwili wa Mungu. Mwili, kwa fasili yake, ni kile ambacho roho hukishikilia, hukiongoza, na ambacho kipo kwa ajili yake. Basi wewe si Mungu, lakini huwezi kuwako nje yake, kama mkono usivyoweza kuishi ukikatwa. Na maandiko yanapomwita Mungu nirguna, Ramanuja anasoma: hana sifa mbaya. Njema anazo, tena hazina idadi.

Mungu huyo mmoja anapatikana kwa namna 5. Yupo katika utukufu wake Vaikuntha, makao yake ya mbinguni. Yupo katika maumbo yanayosimamia uumbaji. Alishuka duniani kama Rama na Krishna. Anakaa ndani ya kila moyo. Na yupo katika sanamu iliyowekwa wakfu. Ya tano, inayoitwa archa, wao huisifu kwa ukarimu wake. Anayezibeba mbingu anakubali kuogeshwa, kuvishwa, na kufungiwa ndani kwa ufunguo wa kuhani. Hawezi kupatikana kwa urahisi zaidi ya hapo.

Wafuasi wa Ramanuja baadaye waligawanyika juu ya neema, na mgawanyiko huo ni somo zuri la darasani kwa sababu unaelezwa kwa wanyama. Mtoto wa nyani hushikilia tumbo la mama, akiachia, ataanguka. Mtoto wa paka hushikwa na mama kwa ngozi ya shingo na kubebwa. Yeye hafanyi lolote. Vadakalai, tawi la kaskazini linalomfuata Vedanta Desika, linasema mja lazima ashike walau kidogo. Tenkalai, tawi la kusini la Pillai Lokacharya, linasema hata kushika ni kutomwamini mama. Wanatofautiana pia juu ya Lakshmi, mke wa Vishnu: kwa wa kwanza yeye ni Mungu pamoja na Vishnu, kwa wa pili ni roho iliyo karibu kuliko zote, mwombezi. Unaweza kuwatambua kwa paji la uso. Alama nyeupe ya Vadakalai inafanana na herufi U, ya Tenkalai ina mguu unaoshuka juu ya pua kama Y.

Katika karne ya 13, Madhva wa Udupi aliongeza nafasi hadi mwisho. Alihesabu tofauti 5 ambazo hazifutiki kamwe: ya Mungu na roho, Mungu na maada, roho na roho, roho na maada, maada na maada. Mungu, ambaye ni Vishnu, ndiye pekee anayejitegemea. Vingine vyote vinategemea. Alifika mpaka kusema kuna roho ambazo hazitaokoka kamwe, fundisho ambalo karibu hulioni kwingineko katika Uhindu. Usiwaruhusu wanafunzi waandike kwamba "Wahindu wote huamini kila kitu ni Mungu". Kwa Madhva, sentensi hiyo ni upotofu mkubwa kuliko wote.

Chaitanya (1486–1534), mzaliwa wa Nabadwip, Bengal, hakuandika vitabu vya hoja. Wafuasi wake wa Vrindavan, mji mtakatifu wa Krishna, ndio walioandika. Msimamo wao ni kwamba roho na Mungu ni wamoja na ni tofauti kwa wakati mmoja, kwa namna ambayo akili haiwezi kuifumbua. Wanashika aya ya Bhagavata Purana inayoutaja uhalisi mmoja kwa majina matatu: Brahman, Paramatma, Bhagavan. Wanaisoma kama ngazi tatu za ukaribu. Ukiwa mbali na taa unaona mwanga tu. Huyo ndiye Brahman wa Shankara. Ukikaribia unamwona akaaye moyoni. Ukifika unamkuta Mtu, mwenye uso, filimbi na marafiki, na huyo ni Krishna. Kwao Krishna si avatara (mshuko duniani) wa Vishnu; Vishnu ndiye anayetokana na Krishna. Hapo ndipo kilipotoka kile kitabu ulichopewa. Mfuasi wa Ramanuja hatakubali mpangilio huo, naye pia ana aya zake.

Kundi hili liliupanga upendo kwa madaraja 5: utulivu mbele ya ukuu wake, utumishi, urafiki, ulezi wa mzazi kwa mtoto, na mahaba. Kadiri unavyopanda, hofu inapungua. Rafiki anaweza kumpanda Krishna mabegani wakicheza, mtumishi hawezi. Kwa vitendo, kazi yao kuu ni Jina, kwa kuwa wanaamini Jina na Mwenye jina hawatengani. Mantra ya Hare Krishna ina maneno 16. Tasbihi yao ina shanga 108, na aliyepokea daraja katika shirika la ISKCON, lililoanzishwa New York mwaka 1966, huahidi mizunguko 16 kila siku: mantra nzima mara 1,728. Kwa mwenye mazoea ni kama saa mbili. Wanaokosea ni wanaokimbiza hesabu hadi maneno yanamezana. Walimu wao husisitiza kila neno lisikike sikioni mwa anayelitamka.

Niwe mkweli: ukitaka kuielewa bhakti kwa haraka, acha hoja, tazama mikono inafanya nini. Pale Nathdwara, Rajasthan, kuna Shrinathji, Krishna wa jiwe jeusi aliyeinua mkono wa kushoto kuubeba mlima Govardhan. Aliletwa huko mwaka 1672 kutoka eneo la Mathura, enzi ya mfalme Aurangzeb wa Wamughal. Waabudu wake ni wa njia ya Vallabha (1479–1531), iitwayo Pushtimarg. Pushti ni lishe, na maana yake hapa ni neema inayolisha. Shrinathji ni mtoto wa karibu miaka saba, na siku nzima inapangwa kama nyumba yenye mtoto. Milango hufunguliwa mara 8. Mangala: ameamshwa, anapewa kifungua kinywa. Shringara: amevishwa na kupambwa. Gvala: anakwenda kuchunga ng'ombe. Rajbhoga: mlo mkuu wa mchana, kisha milango inafungwa apumzike. Utthapana: ameamka alasiri. Bhoga: kitafunio. Sandhya arati: jua linazama, ng'ombe wanarudi. Shayana: kulala. Wakati wa baridi huvishwa nguo nene. Wakati wa joto hupewa sandali na maji ya baridi.

Kila ufunguzi ni mfupi. Sababu inayotolewa ni ya mama: mtoto mzuri akitazamwa mno atachoka au atapatwa na jicho la hasidi. Taa ya arati inayozungushwa mbele yake ni ya kumwondolea jicho hilo. Katika hekalu la Banke Bihari, Vrindavan, pazia huvutwa kila baada ya muda mfupi, wala kengele hazipigwi. Mama yeyote wa Tanga ataelewa papo hapo.

Wafuasi wa Vallabha hawapendi uite jambo hilo puja, neno la kawaida la ibada. Kwao ni seva, utumishi, na sanamu huiita svarupa, umbo lake mwenyewe. Tofauti si ya maneno tu. Puja kamili ya kawaida ina hatua 16: anakaribishwa, anapewa kiti, maji ya miguu, maji ya mikono, maji ya kinywa, kuogeshwa, nguo, uzi mtakatifu, sandali, maua, udi, taa, chakula, na kadhalika mpaka kuzungukwa na kusujudiwa, orodha hutofautiana kidogo mahali na mahali. Hatua ya kwanza ni mwaliko, na katika ibada ya muda kuna kuagwa mwishoni. Katika Durga Puja ya Bengal, sanamu ya udongo hupuliziwa uhai kwa mantra, huabudiwa kwa siku kadhaa, kisha mungu mama huagwa na udongo hurudishwa mtoni. Ganesha wa Maharashtra hufanyiwa vivyo hivyo baada ya siku moja na nusu, tano, saba au kumi. Lakini Shrinathji haalikwi wala haagwi. Yupo. Kumwalika aliyekwisha kuwapo nyumbani ni kumkosea.

Hapa neno letu "sanamu" linatuponza, kwa sababu limekuja na hukumu ndani yake. Wafundishe neno murti. Kwa walio wengi, jiwe lililotoka karakana ya mchongaji halijawa chochote cha kuabudiwa. Lazima lifanyiwe prana pratishtha, kuwekewa pumzi, na mwishoni macho hufunguliwa, mara nyingi kioo kikiwekwa mbele ili mtazamo wa kwanza uangukie hapo. Murti ikivunjika, kwa kawaida huondolewa na kuzamishwa majini, nyingine ikawekwa. Anayeabudu hasemi kwamba Mungu amevunjika.

Upande wa pili wapo waliokataa yote haya na bado ni watu wa bhakti, jambo linalowashangaza wengi. Kabir, mfumaji nguo wa Varanasi katika karne ya 15, alilitaja jina la Rama bila kukoma, lakini akaonya kwamba Rama wake si mwana wa mfalme Dasharatha. Hana umbo, hakuzaliwa, hayumo hekaluni wala msikitini. Anasikika ndani, kwa neno la mwalimu na kwa Jina. Ravidas, fundi wa ngozi, aliimba njia hiyo hiyo, na nyimbo za wote wawili zimo ndani ya Guru Granth Sahib ya Masingasinga. Kwa watu waliofungiwa milango ya mahekalu kwa sababu ya tabaka lao, Mungu asiyehitaji mlango alikuwa habari njema kwa maana halisi ya neno hilo.

Wapenzi wa saguna waliwajibu. Surdas, mshairi wa Krishna, aliimba kisa cha Uddhava, aliyetumwa na Krishna kwenda kuwafariji wanawake wachunga ng'ombe kwa falsafa ya Mungu asiye na umbo. Wakamwuliza: huyo Nirguna wako ni mkazi wa nchi gani? Baba yake nani, mama yake nani? Msomi akakosa la kusema. Tulsidas naye, aliyeanza utenzi wake wa Rama huko Ayodhya mwaka 1574, alisuluhisha: asiye na sifa na mwenye sifa ni kama maji na barafu. Kisha akaongeza kwamba Jina ni kubwa kuliko wote wawili, kwa kuwa ndilo linalotuwezesha kuwafikia.

Lingayat wa Karnataka, wanaomfuata Basava wa karne ya 12, wana suluhisho lao: kila muumini, mwanamume au mwanamke, huvaa linga ndogo (alama ya Shiva) mwilini na kuiabudu kwenye kiganja cha kushoto. Mwili ndio hekalu. Wengi wao leo husema wao si Wahindu kabisa, nawe usiwalazimishe jina. Maharashtra, maelfu kwa maelfu hutembea kwa miguu takriban kilomita 250 hadi Pandharpur kumwona Vitthal, umbo la Vishnu, aliyesimama juu ya tofali, mikono kiunoni, akimngoja mja wake. Mungu anayengoja! Lakini Chokhamela, mtakatifu wa karne ya 14 wa tabaka lililotengwa, hakuruhusiwa kuingia kumwona, na kaburi lake liko chini ya ngazi za hekalu. Mlango ulifunguliwa kwa watu wa tabaka lake mwaka 1947, baada ya mwanaharakati Sane Guruji kufunga kula. Ukifundisha mafundisho mazuri ya bhakti ukaacha mlango huo uliofungwa kwa zaidi ya miaka 500, hujafundisha ukweli wote.

Turudi kwa watu wako. Arya Samaj ilianzishwa Bombay mwaka 1875 na Dayananda Saraswati, na Nairobi imekuwako tangu 1903. Si tawi la bhakti. Ni harakati ya kurudi kwenye Veda. Inakataa murti, inakataa avatara, na ibada yake ni moto wa havana unaolishwa samli na mitishamba. Lakini usimchanganye mhandisi wako na Shankara. Dayananda alifundisha kwamba Mungu, roho na maada ni vitatu vya milele na havigeukiani. Mungu wake hana umbo, ila ana sifa.

Kuhusu ukuta wa dukani, siwezi kuziona picha zile sita, lakini Wahindu wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat, na maduka yao hufanana. Mwenye kichwa cha tembo ni Ganesha. Hutajwa kwanza katika kila shughuli kwa kuwa ndiye mwondoa vizuizi. Mwanamke juu ya yungiyungi ni Lakshmi, ambaye Divali huabudiwa pamoja na vitabu vya hesabu vya mwaka mpya. Aliyepanda simba au simbamarara ni Amba, Mungu Mama. Mweusi mwenye mkono wa kushoto juu ni Shrinathji. Mzee mwenye kilemba cheupe na bakora ni Jalaram wa Virpur (1799–1881), mtakatifu aliyewalisha wasafiri. Yeye ni mja wa Rama, huombwa baraka, wala si Mungu. Na kama kuna mwanamume aliyepambwa taji na mavazi ya kifalme, waumini wakiwa na alama ya U ya sandali na duara jekundu katikati, huyo ni Swaminarayan (1781–1830).

Hapo kuwa makini, maana hata Waswaminarayan hawamsemi kwa sauti moja. Mwaka 1826 yeye mwenyewe aligawa uongozi kati ya Ahmedabad na Vadtal, na katika mahekalu ya pande hizo yuko pamoja na maumbo ya Vishnu, Nar-Narayan au Lakshmi-Narayan. BAPS, waliojitenga mwaka 1907 huko Bochasan, wanamwona kuwa Purushottam, Mungu mkuu kabisa, na kando yake wanaweka murti ya Gunatitanand Swami, wanayemwamini kuwa Akshar, makao ya milele ya Mungu na mja wake mkamilifu. Mahekalu mawili ya Swaminarayan katika jiji moja yanaweza kutofautiana juu ya hilo tu, nalo kwao si dogo.

Kwa hiyo usimwulize mwenye duka ana miungu mingapi. Nenda saa ambayo hana wateja, mwite kwa heshima kama unavyomwita siku zote, kisha mwulize kwanza: katika hizi picha, nani ishtadevata wako, yaani yule unayemshika mwenyewe? Tazama pia ipi iko katikati, ipi imevishwa shada la maua. Halafu mwulize mantra ya familia yao. Ikiwa ni "Shri Krishna sharanam mama", silabi 8, ni wa Vallabha. Akikupa prasada, kitamu kilichotolewa mbele ya picha, pokea kwa mkono wa kulia. Kama dini yako haikuruhusu kukila, mwambie waziwazi na kwa upole, haitakuwa tusi.

Swali la mwisho ndilo linalofichua zaidi: ukishapata moksha, yaani ukombozi wa mwisho, utakuwa wapi, na utakuwa ukifanya nini? Kijana wa Nairobi atakujibu kwamba atakuwa Goloka, makao ya Krishna, akimtumikia, na hataki kingine. Mhandisi atakuambia atakuwa katika furaha ya Mungu kwa muda mrefu usiohesabika, kisha atarudi duniani, kwani Dayananda alifundisha kwamba malipo ya matendo yenye kikomo hayawezi kukosa kikomo. Mwenye duka akisema Akshardham, ni Mswaminarayan. Akisema kwa Mama, ni wa Amba. Akisema hakutakuwa na "mimi" tena wa kuulizwa swali hilo, umempata mtu wa Shankara katikati ya picha zake sita.